Kueleza Ujuzi kwa Kiingereza: Kutoka "Familiar with" hadi "Expert in"

Neno "najua" la Kiswahili linabeba mengi. Anayesema "najua kompyuta" anaweza kuwa mchapaji wa barua kwenye steshenari ya Majengo, na anaweza kuwa fundi anayefungua mashine na kubadilisha vifaa vya ndani. Wote wawili hawajadanganya. Kiingereza cha CV na cha usaili hakikuachii nafasi hiyo. Kinataka useme unajua kwa kiwango gani, kisha kinakutaka uchague kihusishi kinachofaa, yaani vile vineno vidogo "at", "in", "with", "of" na "on". Ukikosea kiwango, utaulizwa swali usiloliweza, au utapewa kazi iliyo chini ya uwezo wako. Ukikosea kihusishi utaeleweka, ila sentensi itachechemea, na mtu mwenye rundo la maombi mezani hana subira na sentensi inayochechemea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuwafikiria waombaji kazi wa Dodoma, mji ambao sasa una wizara, taasisi, miradi ya ujenzi na wageni wengi kuliko zamani. Utamfaa pia mtu anayetaka kumweleza mgeni asiyejua Kiswahili kwamba fundi fulani anaaminika.

Anza kwa kupima kiwango

Kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili: kazi hii ikiharibika, nani anaitwa? Akiitwa mwingine kila mara, wewe uko ngazi za chini. Ukiirekebisha mwenyewe, uko katikati. Ukiitwa wewe kurekebisha kazi za wengine, uko juu. Jibu hilo ndilo litakalokuchagulia maneno.

Ngazi ya chini kabisa ni "I have a basic knowledge of...", yaani umefundishwa misingi na unafanya ukisimamiwa. Juu yake kidogo ni "I am familiar with...": umekitumia kitu hicho, hutaanza kufundishwa upya, lakini hujakizoea kwa kazi ya kila siku. Kisha "I have a working knowledge of...", ambayo maana yake ni kwamba kazi za kawaida unazimaliza, na likija gumu unauliza. Watu wengi wenye miaka miwili mitatu kazini wako hapo, ila wanaona aibu kuisema, wakidhani inawashusha. Haishushi. Ni kauli ya mtu anayejijua, na wasaili huipenda kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo kuna "I am competent in..." na "I am proficient in...": unafanya bila kusimamiwa na matokeo yako hayakaguliwi mara mbili. "I am highly skilled in..." na "I have extensive experience in..." ni za mtu ambaye wengine hujifunza kwake. "I am an expert in..." iache kwa jambo ambalo watu wa fani hiyohiyo huja kukuuliza. Neno hilo hutumiwa ovyo, na matokeo yake huonekana dakika tano tu baada ya usaili kuanza.

Chukua Excel, kwa kuwa karibu kila tangazo la kazi ya ofisini linaitaja. Anayeingiza takwimu na kujumlisha kwa SUM ana "basic knowledge". Anayechuja, anayepanga na kutumia IF bila kuomba msaada ana "working knowledge". Aliyeandika "proficient in Excel" ajue kwamba kwenye usaili wa vitendo anaweza kupewa orodha mbili na kuambiwa azioanishe kwa VLOOKUP, au atengeneze "pivot table" ya mauzo kwa mwezi. Akiandika "advanced", asishangae akiulizwa habari za macro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe.

Vihusishi, mahali penye makosa mengi

Kiswahili kinatumia "katika" au "kwenye" kwa karibu kila ujuzi: hodari katika ushonaji, mzuri kwenye hesabu. Ndiyo maana "good in" inatutoka midomoni bila kufikiri. Kwa shughuli, Kiingereza kinataka "good at": "She is good at sewing." "He is good at repairing water pumps." Kundi hilohilo lina "bad at", "excellent at", "great at" na "better at". Utasikia Wamarekani wakisema "good in math" kwa masomo ya shule, na si kosa kwao, lakini "good at" inakubalika kila mahali, kwa hiyo shika hiyo.

"Good with" ni ya kitu au mtu unayeshughulika naye: "good with numbers", "good with animals", "good with customers", "good with her hands". Hii ya mwisho ndiyo inayomfaa mtu mwenye mikono ya kazi, anayeweza kushika kifaa chochote akakitengeneza. Sasa angalia hatari. Mwalimu wa chekechea anayeandika "I am good for children" amesema kwamba yeye anawafaa watoto, kama mtu anavyosema maziwa yanawafaa watoto. Alitaka kusema "good with children". Na "good to children" ni kuwatendea wema, jambo zuri, lakini si ujuzi.

"Skilled" hufuatwa na "in" kwa fani, "at" kwa kitendo, na "with" kwa kifaa: "skilled in masonry", "skilled at cutting tiles", "skilled with a plastering trowel". "Proficient" ni vilevile, ila kwa lugha na programu za kompyuta tumia "in": "proficient in English". "Expert" ina mgawanyo wake: "an expert in irrigation" ni fani, "an expert on the history of central Tanzania" ni mada ya kuizungumzia na kuiandikia, "an expert at finding leaks" ni kitendo. "Specialist" na "specialise" huchukua "in" tu. Usiandike "specialised on".

"Familiar" inageuka ukigeuza sentensi. Mtu ni "familiar with" kitu, lakini kitu ni "familiar to" mtu: "I am familiar with this software" na "This software is familiar to me." Wanaochanganya huandika "I am familiar to QuickBooks", kana kwamba programu ndiyo inayowafahamu wao.

Kwa sheria, taratibu na miongozo kuna "well versed in": "well versed in public procurement procedures". Jirani yake ni "conversant with", inayopendwa sana katika matangazo ya kazi ya Afrika Mashariki. Ni sahihi, ila ni nzito, na ikirudiwa mara tatu kwenye ukurasa mmoja inachosha. Kwa mtu anayejua habari nyingi za jambo, tumia "knowledgeable about". Kwa mfano, mwongoza watalii wa Kolo anaweza kuelezwa hivi: "He is very knowledgeable about the Kondoa rock paintings", michoro ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kihusishi kikifuatwa na kitendo, kitendo hicho hupata "-ing". "Good at to cook" na "experienced in drive" ni makosa. Sema "good at cooking" na "experienced in driving". Kinyume chake, "able to" na "know how to" huchukua kitendo kitupu: "able to drive", "know how to drive". "Capable of" inarudi kwenye "-ing": "capable of driving". Na "can" haitaki chochote katikati: "I can weld." Ile "I can able to weld" ina uwezo mara mbili, ondoa mmoja. Ile "I know to drive" ni "najua kuendesha" iliyovalishwa nguo za Kiingereza. Imekosa "how", na hata ikipewa "how" bado "I can drive" ni fupi na ina nguvu zaidi.

Tahadhari moja kuhusu "capable of". Inasema mtu ana uwezo, haisemi ameshawahi kuifanya kazi hiyo. Ukiandika "capable of managing a store" wakati umesimamia stoo miaka minne, umejipunja. Andika "I managed a store for four years."

"Experience" na ndugu zake

Hili neno moja huharibu CV kuliko mengine yote, na makosa yake ni yaleyale.

La kwanza ni wingi. "Experience" yenye maana ya uzoefu wa kazi haina wingi wala haipokei "an". Ukiandika "I have many experiences", umesema umepitia mambo mengi maishani. "An experience" ni tukio moja la kukumbukwa: kupanda kwa mara ya kwanza treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari zilizoanza 2024, kwa wengi ilikuwa "an experience". Uzoefu wa kazi ni "experience" basi, au "a lot of experience", au "extensive experience".

La pili ni alama ya kumiliki. Mwaka mmoja ni "one year's experience", miaka mitano ni "five years' experience", alama ikikaa baada ya "s". Alama hiyo ikikusumbua, andika "five years of experience", utakuwa salama. Usichanganye zote mbili ukapata "five years' of experience". Utaona "5 years experience" bila alama yoyote hata kwenye matangazo yenyewe, lakini tangazo halitafuti kazi, wewe unatafuta.

La tatu ni kihusishi. "In" ni kwa fani ("experience in road construction"), "with" ni kwa vifaa au watu ("experience with diesel engines"), "as" ni kwa cheo ("experience as a storekeeper"), na "of" ni kwa mazingira uliyoyapitia ("experience of working in dry areas", ambayo kwa afisa ugani aliyefanya kazi Chamwino au Bahi ina uzito wake).

La nne ni herufi ya mwisho. "An experience driver" si dereva mzoefu. Ni "an experienced driver", na vivyo hivyo "a skilled worker", si "a skill worker". Herufi "d" hiyo haisikiki vizuri katika mazungumzo, kwa hiyo hupotea kwenye maandishi. Tumia zana ya kutafuta maneno kwenye kompyuta, kagua kila "experience" na "skill" iliyotangulia jina la mtu au kazi.

La tano ni wakati wa kitenzi. Kazi unayoendelea nayo: "I have worked as a driver since 2019", au "I have worked as a driver for six years". "Since" hutaja mwanzo, "for" hutaja muda. "I am working as a driver since 2019" ni kosa la kila siku. Kazi iliyokwisha: "I worked as a driver from 2019 to 2023." Ukiandika "have worked" kwa kazi uliyoacha, msaili atadhani bado uko huko na atauliza barua ya mwajiri wako wa sasa.

"Expertise" ni ubobezi, si mtu. "I am an expertise in plumbing" inamfanya mwombaji kuwa dhana. Mtu ni "an expert". Ujuzi wake ni "expertise", bila wingi: "His expertise is in plumbing." "Knowledge" nayo haina wingi, ila ina ukaidi wake: ikipambwa na kivumishi hupokea "a", kama "a good knowledge of bookkeeping". "Skills" ndiyo yenye wingi wa kawaida: "computer skills", "communication skills".

Fundi ni nani kwa Kiingereza

"Technician" kwa kila fundi ni uvivu. Fundi uashi ni "mason", au "bricklayer" kama kazi yake ni kupanga tofali. Fundi seremala ni "carpenter", fundi bomba ni "plumber", fundi umeme ni "electrician", fundi magari ni "mechanic" (si "mechanical", ambayo ni kivumishi), fundi wa kuchomelea ni "welder", fundi nguo ni "tailor", fundi vigae ni "tiler". Saidia fundi ni "mason's assistant" au "labourer", na kama ameshajua mambo kadhaa bila kufuzu, "semi-skilled worker". Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuandika "mason" ukafika saiti ukashindwa kuweka tofali kwa timazi.

Daktari bingwa ni "specialist", usitafute ubingwa wa mpira. Tabibu ni "clinical officer", hata kama mtaani kila mwenye koti jeupe anaitwa daktari. Wakili ni "advocate", na mwanasheria asiyeandikishwa kuwa wakili ni "lawyer" au "legal officer".

Kuna maneno yenye mwenyewe kisheria. "Engineer" ni mojawapo: Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na "professional engineer" ni daraja la usajili, si sifa ya kumpamba mtu anayefanya kazi kwa weledi. Fundi wa majenereta asijiite hivyo kwenye karatasi. Katika uhasibu, "qualified accountant" husomeka kama mtu aliyefaulu mitihani ya kitaaluma ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mwenye shahada pekee aandike "I hold a bachelor's degree in accounting." Na "certified" inadai cheti mkononi. Aliyejifunzia gereji au kiwandani kwa mjomba ana maneno mawili mazuri: "self-taught" kwa aliyejifunza mwenyewe, na "trained on the job" kwa aliyefundishwa kazini. Ujuzi wa namna hiyo VETA huupima na kuurasimisha, na ukishapimwa unaweza kuandika "My skills have been assessed and certified by VETA", sentensi yenye nguvu kuliko sifa kumi za kujipa.

"Professional" pekee ina mtego. "A professional driver" ni dereva wa kulipwa. "He is very professional" ni mtu mwenye weledi na nidhamu ya kazi. "I am professional in cooking" haipo. Sema "I am a professional cook."

Kujenga sentensi yenyewe

Andika kwanza kwa Kiswahili mambo manne: unaitwa nani kikazi, muda gani, kwenye nini hasa, na ushahidi gani. Ndipo uhamie Kiingereza. Fundi uashi:

"I am a mason with eight years' experience in residential building. I can read a drawing, set out a foundation and supervise a team of four."

Sentensi ya kwanza imebeba cheo, muda na fani. Ya pili imeacha sifa kabisa ikataja vitendo vitatu ambavyo mtu anaweza kuvijaribu asubuhi ya kesho. Linganisha na "I am an experienced mason with eight years' experience", ambayo imesema jambo lilelile mara mbili na haijataja kazi hata moja.

Dereva asome tangazo kwanza. La serikali mara nyingi hutaja daraja la leseni na uzoefu wa kuendesha bila kusababisha ajali, basi ajibu hayohayo: "I hold a valid Class E licence and have three years' experience driving lorries between Dodoma and Iringa, with no accidents." "Valid" hapo si pambo. Inasema leseni haijaisha muda.

Mkulima wa zabibu anayetafuta kazi ya usimamizi wa shamba: "I have grown grapes at Hombolo since 2015 and have a thorough knowledge of pruning and of timing the two harvests." Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya kupogolewa kwa wakati, kwa hiyo anayejua maana yake ataona mara moja kwamba mwandishi ni mtu wa shambani. Mjuzi hujulikana kwa jambo dogo mahususi, na "thorough knowledge" bila lile neno "two harvests" ingepita bila kuonekana.

Fundi nguo: "She is skilled in pattern cutting, proficient with industrial sewing machines, and specialises in school uniforms." Tazama vihusishi vitatu katika mstari mmoja, kila kimoja mahali pake. Andika "specialise" kwa "s" kama umeanza na Kiingereza cha Uingereza, kwa "z" kama umeanza na cha Marekani. Usichanganye ndani ya karatasi moja. Ndivyo ilivyo pia kwa "skilful" ya Waingereza na "skillful" ya Wamarekani. Na hiyo "skilful" husifu namna kazi ilivyofanywa, wakati "skilled" husema mtu amefunzwa, hivyo kwenye CV tumia "skilled".

"Proven track record" inataka takwimu nyuma yake. Kama huna kiasi cha mauzo, idadi ya majengo au asilimia ya ufaulu wa darasa lako, ifute.

Kwa lugha, "fluent in Swahili and English" au "I speak fluent English" au "I speak English fluently". "I am fluently in English" hapana. Kigogo au Kirangi ukikizungumza tangu utoto, "native speaker of Gogo" ni sifa ya kweli, na kwa mradi unaofanya kazi vijijini ina thamani. Mashirika ya kimataifa hupenda ngazi za Baraza la Ulaya, A1 hadi C2. B2 ni mtu anayeendesha mazungumzo ya kazi bila kukwama sana, C1 anaandika ripoti. Usijipe C2 kwa furaha.

Nahau: nyingi ni za mdomoni

"She knows the engine inside out" ni kuijua injini ndani nje, na ni ya kweli kwa fundi gereji wa siku nyingi. "It is second nature to him" ni jambo analolifanya bila kuwaza. "He has a knack for calming angry customers" ni kipaji kidogo cha jambo moja, cha kuzaliwa nacho zaidi ya kusomea. "An eye for detail" ni jicho la kuona kasoro ndogo, na hii peke yake inakubalika hata kwenye CV. "An old hand at" ni mkongwe wa kazi fulani. "She knows the ropes" ni mtu aliyeshazijua taratibu za mahali. "Green fingers" kwa Waingereza, "a green thumb" kwa Wamarekani, ni mkono wa kilimo: anachopanda kinaota.

"Jack of all trades" ina mkia: "master of none". Mwingereza akiisikia humalizia mkia huo kichwani, hivyo usijiite hivyo ukidhani umejisifu kuwa unafanya kila kitu. Sema "versatile" au "multi-skilled". Na "rusty" ni ujuzi ulioshika kutu kwa kutotumika: "My French is a bit rusty" ni kauli ya kistaarabu ya mtu aliyewahi kuijua lugha hiyo. Aliyeacha baada ya somo la tatu hana cha kushika kutu.

Kumsifu mwingine

Barua ya kumpendekeza mtu husomwa kwa kile ilichokiacha. "He is hardworking, punctual and tries his best", bila ujuzi hata mmoja kutajwa, humwambia mwajiri kwamba mwandishi ametafuta ujuzi akakosa. Hatukukusudia hivyo. Kwetu bidii na heshima ndizo sifa za kwanza. Lakini ndivyo itakavyosomwa. Taja ujuzi mmoja kwanza, bidii baadaye.

"Competent" kwenye cheti ni nzuri sana, inamaanisha amefikia kiwango. Kwenye barua ya sifa ni baridi. "Satisfactory" na "adequate" ni baridi zaidi. "Quite good" kwa Mwingereza ni "si haba", kwa Mmarekani inakaribia "nzuri sana", kwa hiyo iepuke. "Not bad" ikitoka kwa Mwingereza inaweza kuwa pongezi kubwa, usinune. Mwenye kustahili mpe wazi: "I recommend her without reservation" ndiyo kauli ya juu, na usiitoe kwa kila anayegonga mlango.

Usipojua, na unapojibu

Malezi yetu hayapendi kujisifu, na methali inatuambia kizuri chajiuza. Kwenye chumba cha usaili kizuri kinasubiri kusemwa. Ukiulizwa "Are you good at report writing?" usijibu "I just try" kwa unyenyekevu, maana itaandikwa hivyohivyo. Jibu "Yes. I wrote the monthly reports for my section for two years."

Na usipojua, usikimbilie "No" tupu wala "Yes" ya uongo. Njia ni kukiri na kusogeza kilicho karibu: "I have not used that program, but I have a working knowledge of a similar one." Au "I have limited experience with that, and I am still learning." Epuka "I am bad at" mbele ya msaili. Ni kauli nyepesi ya mazungumzo ya marafiki. Badala yake "That is not my strongest area" inatosha.

Matamshi machache yanayopotoshwa: "expertise" mkazo uko mwishoni, eksipatiizi, si ekspataisi. "Expert" mkazo uko mwanzoni. "Skilled" ni silabi moja, skild. "Experienced" inaishia na mlio wa "t". "Knowledge", "know-how" na "knack" zote herufi "k" ya mwanzo haisikiki.

Swali linalofuata baada ya kila sifa ni "Can you give me an example?" Liandalie jibu la sentensi tatu kwa kila ujuzi ulioandika, zote kwa wakati uliopita: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ikawaje. "The pump stopped in the dry season. I opened it, found a worn seal and replaced it. The water was back the same afternoon." Ujuzi ambao huna mfano wake, ushushe ngazi moja kwenye CV kabla hujaichapisha.